Dereva Nusra, Mama Yake wa Wete na Popo wa Texas

Jua halijapanda vizuri, na Bi Nusra Khalfan ameshalizunguka basi lake la njano, ameshapiga tairi kila moja kwa ncha ya kiatu na sasa ananusa injini kama mtu anayeonja mchuzi. Akiridhika anapanda, anasema Bismillahi, anatia gia. Ni Mei tu, lakini hapa kusini-magharibi mwa Houston shati limeshaanza kushika mgongo.

Kituo cha kwanza ni mbele ya fleti za matofali mekundu. Mlango wa basi unafunguka, na mtoto mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake anapanda.

"Shikamoo, Bi Nusra!"

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo!"

Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu, na wa nne. Wamo watoto wa Kimeksiko, wa Kivietnamu, Wamarekani weusi kwa weupe, na wote wanaamkia kama waliozaliwa Pemba. Mvulana mmoja mwenye nywele nyekundu anajaribu kupenya kimyakimya. Mkono wa Nusra unashuka mbele yake.

"We bwana mdogo, kwani tumeamka nyumba moja?"

"Shikamoo," anasema mvulana huku akicheka, na mkono unaondoka. Hiyo ndiyo ada ya basi hili, na Nusra haipunguzi hata kwa mvua.

Wiki hii, ya mwisho ya masomo kwa mwaka huu wa 1995, basi lina kelele za ziada. Darasa la tatu wameshinda. Jimbo la Texas limekubali kuwa popo mdogo mwenye mkia, yule anayeishi chini ya madaraja, awe mnyama wake rasmi wa kuruka. Shule nyingi hapa Texas zina wanyama wao wa kuwapigia debe mwaka huu, na hawa walikuwa sauti moja kati ya nyingi. Lakini waambie hivyo uone! Wao wanajua kwamba waliomshindia popo ni wao.

Na wanajua jambo jingine pia. Bila mwanamke huyu mfupi aliyekaa juu ya mto ili aone barabara vizuri, wasingefika Austin kusema neno lao. Naye asingewapeleka bila ruhusa ya bibi mmoja wa Wete, kisiwani Pemba, ambaye hajawahi kuiona Texas hata kwenye picha.

Nusra ana miaka thelathini na minne. Alikuja Marekani mwaka 1988 kwa kaka yake Abdulbasit, anayeishi Irving, karibu na uwanja wa ndege. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha sinia za chakula cha ndege, zamu ya alfajiri, mikono ndani ya maji ya moto mpaka ngozi inachunika.

"Sinia zilikuwa haziishi," anasema. "Unaosha, ndege inatua, zinakuja nyingine. Nilikuwa nikilala naota mabaki ya kuku."

Alipoolewa na Azizi, fundi wa magari, akahamia Houston. Siku moja aliona tangazo kwamba shule zinatafuta madereva. Azizi alicheka mpaka akakaa chini, kwa sababu wakati huo mkewe alikuwa hajui kurudisha nyuma hata gari dogo. Nusra akanuna siku mbili, ya tatu akaenda kujiandikisha. Mtihani wa kurudisha basi nyuma ulimwangusha mara mbili. Leo anapata kama dola tisa kwa saa, na Azizi akitaka kuliingiza gari mahali finyu anamwita yeye.

"Liandike hilo," Nusra ananiambia, akimtazama mumewe aliyeleta chai. Azizi anatazama dari.

Habari ya popo ilianza darasani kwa Mwalimu Lozano, mwanamke mchangamfu anayevaa hereni za wadudu. Aliwafundisha watoto kwamba popo hao wadogo hula nondo wanaoharibu mahindi na pamba, kwamba mkulima akiwa na popo ana walinzi wasiodai mshahara. Akawaambia pia kwamba Texas ina ndege wake rasmi, ua lake rasmi, hata chakula chake rasmi.

Hapo ndipo msichana mmoja mpole, Marisol, mwenye miaka minane na sauti ya kunong'ona, akainua mkono akauliza: mbona popo hana kitu?

Wakaandika barua. Wakachora popo akiwa amevaa kofia ya pama. Wakakusanya sahihi za wazazi, za wauza matunda, za padri, za Nusra mwenyewe, aliyesaini haraka bila kuitazama ile picha. Mwishowe kamati moja ya wabunge wa jimbo ikawaita Austin, mwendo wa saa tatu kwa basi, wakaseme. Na kwa kuwa Austin kuna daraja maarufu lenye popo wasiohesabika, mwalimu akapanga kuwa baada ya kikao wangekwenda kuwatazama wakitoka jioni.

Kikakosekana kitu kimoja tu, dereva. Siku hiyo madereva wote wenye nafasi walikuwa wameshapangiwa kupeleka timu za michezo. Rafiki yake Nusra, Mkenya aitwaye Kariuki, alikuwa na wachezaji wa besiboli wa kuwafikisha upande wa pili wa mji. Aliyebaki ni Nusra.

Na Nusra alisema hapana.

"Roho iliniuma," anasema. "Unajua watoto wanakutazama vipi? Kama umewanyang'anya kitu mdomoni. Lakini nilikuwa nimeshamuapia mama."

Msomaji anayetoka visiwani hahitaji kuambiwa hali ilivyokuwa huko nyumbani tangu Februari, mwezi wa Ramadhani. Popobawa! Uvumi wa jini lenye mbawa linalovamia watu majumbani uliingia Pemba, na watu wazima wenye ndevu zao wakatoa mikeka nje. Walilala uani kwa makundi, moto ukiwaka mpaka asubuhi, asiyelala akimlinda aliyelala. Mama yake Nusra, Bi Mahfudha, alikuwa miongoni mwao, na kila Jumapili alikwenda dukani kwa ndugu yake, penye simu, kumhadithia bintiye.

Jumapili moja Nusra akafanya kosa. Katika kumliwaza mama, akamwambia kuwa hata huku watoto wa shule wana habari za popo, wanataka apewe cheo na serikali.

Simu ikanyamaza. Nusra akadhani kadi ya simu imekwisha.

"Cheo?" mama akasema. "Popo apewe cheo? Na weye umo?"

"Simo, mama. Mimi nawapeleka shule tu."

"Apa."

Akaapa. Mama akamwambia wazi: akiwasogelea popo hao, radhi yake asiihesabu. Anayelijua neno hilo lina uzito gani hatamcheka Nusra. Unaweza kuwa na leseni ya basi la abiria sabini, una mume na watoto wawili, uko ng'ambo ya bahari mbili, lakini neno la radhi ya mama likitamkwa unakuwa mtoto wa miaka sita.

Kariuki alimcheka, kwa sababu Kariuki hucheka kila kitu. Walikuwa yadi ya mabasi, wanangoja zamu.

"Nusra, tulia basi. Hiyo kitu yenu itapata visa wapi? Mimi mwenyewe walininyima mara mbili pale Nairobi!"

Nusra alicheka naye, lakini hakubadili neno lake. Mama alikuwa na hofu ya kweli, yuko peke yake, analala nje. Na yeye pia, akubali ama akatae, alikuwa akiogopa. "Nilikuwa sipiti chini ya daraja lolote la Houston bila kusoma Ayatul Kursi," anakiri. "Na Houston ina madaraja, mwanangu!"

Mwalimu Lozano alipata tabu kuelewa. Alimuuliza Nusra kwa upole kama mama yake angejua. Nusra anasema alimtazama yule mwalimu akamwonea huruma. Kujua au kutojua kulihusu nini?

Watoto walielewa bila tabu yoyote. Mtoto wa shule Marekani haendi safari mpaka mzazi atie sahihi karatasi ya ruhusa. Asiye na sahihi hubaki shuleni, hata alie machozi ya damu, na hakuna mwenzake anayemshangaa. Marisol aliposikia basini kwamba Bi Nusra hawezi kwenda kwa sababu mama yake amekataa, hakucheka. Alifikiri tangu kituo cha nne mpaka getini. Asubuhi iliyofuata alipanda, akaamkia, akamkabidhi dereva karatasi ya ruhusa isiyojazwa.

"Mpe mama yako," alinong'ona. "Labda hakuletewa."

Nusra aliishika ile karatasi akacheka. Kisha akageukia kioo cha pembeni, akafuta macho, kwa sababu kilikuwa kicheko kilichokuja na machozi.

Jumapili akampigia mama. Akamsomea karatasi yote, neno kwa neno, akiigeuza Kiswahili: mwanao Nusra anaomba ruhusa ya kwenda Austin, atarudi saa fulani, chakula cha mchana atapewa. Halafu Bi Mahfudha akauliza, "Hao watoto walioniandikia wako wapi? Mimi sitoi ruhusa kwa karatasi. Nataka niwasikie."

Ikapangwa Jumanne, saa tatu asubuhi ya Houston, ambayo Wete ni saa kumi na moja jioni. Mwalimu akaiweka simu yenye kipaza sauti juu ya meza. Watoto wote wa darasa wakaizunguka, Nusra katikati akiwa na kadi zake za simu mbili, moja ya akiba. Ikalia. Ikapokewa.

"Shikamoo, Bibi!" darasa zima likapiga kelele.

Nusra hatasahau alichosikia. Kwanza zikaja sauti nyingi za watu waliojazana dukani, mmoja akisema "Wallahi hao Wazungu!" Kisha mama yake, polepole, akiwa amebadilika sauti:

"Marahaba, wanangu. Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo!"

"Nusra, nani kawafunza adabu hii?"

"Mimi, mama."

Bi Mahfudha akakohoa, akarudisha ukali. Akaanza maswali, Nusra akitafsiri huku na huku, jasho linamtoka. Popo wao ana ukubwa gani? Kama kidole gumba cha mtu mzima, watoto wakasema, ukiacha mbawa. Anaingia majumbani? Mara chache, akipotea, na hutaka kutoka kuliko wewe unavyotaka atoke. Anasema? Hapana, Bibi, hasemi. Anakula nini?

"Nondo," Marisol akajibu. "Na mbu."

"Mbu?" Dukani kukazuka minong'ono. "Na embe hali?"

Watoto wakatazamana. Nusra akaeleza kwamba popo wa Pemba ni wakubwa, wanamaliza maembe mtini.

"Hali embe, Bibi. Hata moja."

"Mh! Ana heshima kuliko wetu. Haya, nambieni. Mbona mnahangaika naye? Ana nini nanyi?"

Marisol akaisogelea ile simu mpaka pua ikakaribia kuigusa. "Watu wanamwogopa bure," akasema. "Wanamuua. Na yeye hana wa kumsemea."

Nusra akatafsiri. Bi Mahfudha akaguna, akakohoa tena. Alimfahamu mama yake, akajua kwamba hapo hatafuti jibu, anatafuta namna ya kukubali bila kuonekana amekubali.

"Nusra," mama akasema hatimaye. "Nimekupa ruhusa, utawaendesha. Lakini hao popo wakianza kutoka, weye uwe garini. Mguu wako usiguse chini. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Rudia."

"Mguu wangu hautagusa chini."

Darasa halikuelewa neno, lakini liliuona uso wa Nusra, na shangwe iliyopigwa ilimleta mwalimu mkuu mbio akidhani kuna moto.

Kwa hiyo wakaenda. Katika ukumbi wa kamati, Nusra alikaa nyuma kabisa na kitambaa chake cha kijani, akijifanya mdogo. Wabunge walikuwa juu kwenye viti virefu. Mwenyekiti akamwambia Marisol aanze. Mtoto akasimama mbele ya maikrofoni, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Mwalimu Lozano akafumba macho.

Mtu akikosa la kusema hurudi kwenye la kwanza analofanya kila asubuhi. Marisol akawatazama wale wazee akasema, wazi kabisa:

"Shikamoo."

Wabunge wakapigwa butwaa. Na kutoka nyuma ya ukumbi, kwa mazoea ya miaka mitatu, sauti kubwa ikajibu, "Marahaba! Hujambo?"

"Sijambo!" Marisol akasema, na ukumbi ukavunjika mbavu. Nusra alitaka sakafu ipasuke immeze. Lakini mtoto alikuwa amefunguka. Alisema yote aliyopanga, kuhusu mahindi, kuhusu pamba, kuhusu kiumbe asiye na wa kumsemea, na hakunong'ona hata mara moja.

Jioni, kabla jua halijazama, basi likaegeshwa kwenye nyasi karibu na daraja. Watoto wakashuka mbio na mwalimu wao. Nusra akafunga madirisha yote, akafunga mlango, akatoa tasbihi. Alikuwa ameahidi, na ahadi hiyo kwa kweli haikumuuma. Hapo ndipo aliposikia mtu akipumua nyuma. Alikuwa Marisol, amekaa kiti cha katikati, amekishika kwa mikono miwili.

"Wewe! Popo wako hao wanatoka. Mbona umo humu?"

"Naogopa," Marisol akasema.

"Si wewe uliyesema wasiogopwe?"

"Nilisema wasiogopwe. Sikusema siogopi."

Nusra alimtazama. Mtoto huyu alikuwa amepigana miezi saba kwa ajili ya kiumbe ambacho hakuwahi kuthubutu kukitazama. Nje, watu wakaanza kuguna, "Aaah!" Marisol machozi yakamjaa. Alikuwa anataka kuwaona popo na anawaogopa kwa pamoja, na dakika zilikuwa zinakwenda. Popo hawamngoji mtu.

Kumshika mkono ashuke naye, Nusra hakuweza. Mama alisema mguu usiguse chini. Akatazama mlango. Akatazama madirisha. Akatazama juu.

Mabasi ya shule yana mlango mdogo wa dharura kwenye paa, wa kutokea iwapo gari limepinduka. Nusra alikuwa akiukagua kila asubuhi kwa miaka mitatu bila kuutumia.

"Njoo," akasema. "Mama alisema nisishuke. Hakusema nisipande."

Akapanda juu ya viti, mguu mmoja huku, mmoja kule, akasukuma. King'ora cha dharura kikaanza kulia, wala hakukijali. Akamwinua Marisol, vichwa vyao viwili vikatokeza juu ya paa la basi la njano, kimoja chenye misuko miwili ya nywele, kimoja chenye kitambaa cha kijani.

Popo walikuwa wanatoka. Walitoka chini ya daraja kama mtu anamwaga pilipili manga angani na gunia haliishi. Wakapita juu yao, laini, na harufu kali, na upepo mdogo wa mbawa usoni. Marisol alijificha kwenye shingo ya Nusra. Kisha akafungua jicho moja. Kisha yote mawili. Kisha akaanza kucheka, kicheko kikubwa ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kwake.

"Nami nikacheka," anasema Nusra. "Nilikuwa nalia na kucheka na kusema Subhanallah, kwa sauti, bila aibu. Vidogo vile! Ndivyo nilivyokuwa navisomea dua chini ya madaraja? Nilifurahi, sijui nikwambieje. Nilifurahi kama mtoto."

Chini, darasa zima liligeuka kutoka kwa popo, likaanza kumpungia mkono dereva wake. Mwalimu Lozano alipiga picha. Imebandikwa sasa juu ya friji jikoni kwa Nusra, imepinda kidogo, king'ora hakisikiki.

Kura ilipopita mwezi huu, mwalimu mkuu aliitangaza kwenye vipaza sauti vya shule. Marisol siku hizi huketi kiti cha mbele, nyuma ya dereva, na husema bila kukoma mpaka getini. Nusra anadai anaikumbuka ile minong'ono kwa hamu.

Ana mipango yake ya siku za mbele. Anataka mwakani Machi, popo watakaporudi kutoka Meksiko, mama yake awe amefika. Abdulbasit atampokea uwanja wa ndege, amlaze Irving siku mbili tatu apumzike, kisha Nusra aende kumchukua. Pemba kumetulia, watu wamerudi kulala ndani, na Bi Mahfudha ameanza mwenyewe kuulizia pasipoti.

Ila kulikuwa na jambo la kumweleza kwanza. Nusra anasema aliliweka Jumapili mbili, ya tatu akashindwa. Akamwambia mama kila kitu, paa, king'ora, popo usoni.

"Mguu uligusa chini?" mama akauliza.

"Haukugusa, mama."

Bi Mahfudha, ambaye majirani wa Wete humsogezea kiti cha watu wawili kwa unene wake kila penye shughuli, alikuwa anafikiri.

"Nusra."

"Labeka, mama."

"Hilo tundu la juu la gari lako," mama akasema. "Upana wake kiasi gani?"